Ndege ya Tatu Katika Safu

3 Juni

Mwanangu Kitindamimba,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, isipokuwa hili goti, ambalo wakati wa baridi halina adabu. Mama yako anakusalimu.

Jeshi limeandika. Tarehe ishirini na nane watazindua mnara wa marubani waliouawa vitani, na jina la kaka yako limo. Limeandikwa sawasawa, nimekwenda kulikagua mwenyewe. Nimeomba viti vitatu mstari wa mbele: changu, cha mama yako na chako. Waombe ruhusa wakubwa wako wa ofisi ya hali ya hewa. Mawingu yataweza kukaa siku moja bila wewe.

Baba yako

11 Juni

Shikamoo Baba,

Natumai goti limetulia. Mimi ni mzima, ila nimekuficha jambo kwa miaka minne.

Kiti changu mpe shangazi. Sipo ofisi ya hali ya hewa, wala sijawahi kuwapo. Mimi ni rubani wa jeshi. Siku hiyo ndege nne zitapita juu ya mnara. Moja itatoka kwenye safu na kupanda juu peke yake, na nafasi yake itabaki wazi. Ndivyo marubani wanavyoagana na mwenzao. Kamanda aliuliza ni nani atakayeiendesha. Nilinyoosha mkono.

Ukinikataza, nitajitoa. Niandikie kabla ya tarehe ishirini na tano. Ukinyamaza, nitaruka.

Kitindamimba wako

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nyingine zimenishinda, nawe unajua sijawahi kuandika barua bila kujulia hali.

Barua yako niliianza nimesimama mlangoni, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Siku tulipomzika kaka yako, katika lile jeneza tulilokatazwa kulifungua, niliapa kwamba hakuna mwanangu mwingine atakayepanda kitu kile. Ulikuwa ubavuni mwangu. Ulisikia.

Nilikuandikia "Nakukataza" mara tatu. Mara zote mama yako aliitia barua motoni. Kumbe alijua tangu mwanzo! Nimekaa na jasusi nyumba moja miaka arobaini. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," akaniambia, "nawe uliwalea wasiogope." Nikaiweka kalamu chini. Ndiyo maana hukupata barua. Usidhani niliridhia.

Siku ya uzinduzi, ndege zilipotokea, nilimwuliza ofisa aliyekaa kando yangu, "Ipi?"

"Ya tatu, mzee."

Ikatoka, ikapanda. Nikasimama. Watu wote wakasimama, wakadhani namheshimu marehemu. Wao wakaketi, waziri akaanza hotuba, nami nimesimama. Shangazi yako akanivuta koti: "Kaa, bwana, unatuaibisha!" Nikamwambia yule ofisa kwamba sikai mpaka binti yangu ashuke. Akaondoka. Goti likaniuma hata machozi yakanitoka. Nadhani lilikuwa goti. Akarudi akaninong'oneza, "Ametua, mzee."

Nikaketi.

Njoo Jumamosi. Nina maneno makali yasiyofaa kuandikwa. Mama yako amekwisha kutandika kitanda chako.

Uje kwa basi.

Baba yako