Breki Zilizolowa

Mjukuu wangu Hamisi, mume wangu niliyebakiwa naye,

Salamu zikufikie huko Dar kwenye ufundi. Hapa Mohoro tupo. Mpunga umechukuliwa na maji, na mama yako anaumwa mgongo, ila anatembea.

Unauliza kwa nini babu yako aligonga mti wakati breki zilikuwa nzima. Zilikuwa nzima, baba, lakini zimelowa. Breki husimamisha gari kwa kusuguana. Maji yakiingia kati, zinateleza tu. Babu yako alilijua hilo. Kila akivuka maji alikwenda taratibu, mguu ukigusa breki, mpaka joto la ule msuguano lizikaushe.

Siku ile tulikuwa tunawahi Mbwara, kumzika kaka yake. Tulipotoka majini akaanza mwendo wake uleule, watu wakamkemea kutoka nyuma ya lori: "Kanyaga mafuta, bwana! Nduguyo anangoja kuzikwa!" Akaona haya, akaondoa mguu. Kwenye mteremko alikanyaga breki, hazikushika.

Kaka yake alingoja. Tuliwazika kesho yake, kaburi kwa kaburi.

Nawe ukivuka maji, waache wapige kelele.

Bibi yako