Tobias Amekaa, Nyumbani Wanasema Amepona

Shangazi Najiat, shikamoo. Naomba unisikilize unishike mkono, mimi ni mama wa mtoto mmoja, shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukiona nimechanganya habari ujue ni furaha, maana tangu Jumanne sijatulia, hata chai naimimina halafu naisahau mpaka inapoa.

Shangazi, mwanangu Tobias amekaa! Amekaa mwenyewe, hajashikwa na mtu!

Ngoja nianze vizuri. Tobias alizaliwa amechoka, hakulia, wakahangaika naye mpaka akalia, lakini baadaye shingo ikawa legevu na miguu inakaza kama kijiti, wakasema ni mtindio wa ubongo, na wenzake aliozaliwa nao sasa wanakimbiza kuku, yeye nilikuwa namlaza tu kwenye mkeka namfukuzia nzi. Kwetu ni Sikonge, mume wangu Gerson anachonga mizinga ya nyuki na kuitundika porini, na tumbaku tunalima. Mama mkwe wangu, mama Katarina, ananipenda kuliko nilivyotegemea, na yeye ndiye aliyechimba shimo nyuma ya nyumba, akaweka mchanga, akawa anamfukia Tobias mpaka kiunoni akae humo, kama wazee walivyofanya kwa mtoto aliyechelewa kukaa, anamwimbia na mtoto anacheka jamani, ila bibi akiitwa shambani mtoto anabaki na shingo imeangukia kifuani, na mimi roho inaniuma lakini nitasema nini.

Basi mhudumu wa afya wa kijijini kwetu akaniambia Tabora mjini kuna kliniki ya mazoezi, mama wenye watoto kama wangu wanakutana kila Jumanne, Gerson akanitafutia chumba hapa Ipuli kwa mama Kuluthumu anayepika vitumbua, tukaja baada ya Pasaka. Mtaalamu wa mazoezi ni kaka Nassibu, mtu wa utani, siku ya kwanza tu akaniambia, "Mama Tobias, huyo si mzigo wa kuni, mgeuze akuone uso!" Nilicheka mpaka nikalia, maana nilikuwa sijui kama kubeba nako kunafundishwa, nikafundishwa kubeba, kulisha, kunyoosha miguu polepole, na kumweka kwenye kiti walichokitengeneza kwa maboksi na gundi.

Sasa Jumanne kaka Nassibu kaondoa mkono kimyakimya, mimi sijaona, Tobias kayumba huku, kayumba kule, kaweka kiganja chake chini kwenye mkeka, katulia! Anatutazama kama mwenye nyumba! Mama wote tukapiga vigelegele, na vigelegele ndivyo vilivyomshtua akaniangukia mapajani huku anacheka. Mama Kuluthumu nilipomwambia akatupa mwiko, "Mjukuu wangu kawa shehe, anakaa barazani!"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikapiga simu nyumbani nikasema, "Mama, Tobias amepona!" Shangazi, ndivyo lilivyonitoka. Mama mkwe akapiga kelele, "Wabeja, asante Mungu wangu!" na hakukata hata simu, nikamsikia anakimbia kwa jirani. Kesho yake alikuwa ameshafika kwa mchungaji, ibada ya shukrani imepangwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, jogoo kafungwa mguu, na ananiambia, "Nilisema mimi, shimo halikosei, huko kliniki wamemalizia tu. Sasa mjini mnangoja nini? Mvua zinakuja, tumbaku inataka mikono." Na Gerson naye, "Rudini mke wangu, nimewakumbuka mpaka nyuki wananishangaa."

Lakini kaka Nassibu anasema kukaa ndio mlango tu, bado mikono ishike, bado ale bila kupaliwa, bado kusimama, na nikikatisha sasa misuli itakaza tena. Nikiwaambia nyumbani kwamba hajapona, mama mkwe ataaibika mbele ya kanisa zima na watu watasema nilidanganya, nikinyamaza nikarudi, Tobias atarudi kulala mkekani. Mimi nawapenda wote, Shangazi, na mwanangu namwona kabisa siku moja anasimama. Je, nisiende kwenye hiyo shukrani? Nifanyeje?

Mama Tobias, Ipuli

*

Mama Tobias, marahaba mwanangu. Kwanza ujue barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini na kigelegele nimepiga, mzee wa mlangoni kaja mbio kuuliza nani kaolewa. Hongera! Hongera kwako, kwa Tobias, na kwa kile kiganja alichokiweka chini.

Sasa kaa na wewe, tuambiane.

Mtindio wa ubongo si malaria kwamba utameza dozi uamke mzima. Ulilijua hilo, na furaha ikakukimbiza mdomo. Sikulaumu kwa furaha, nakulaumu kwa kunyamaza siku zote hizi huku jogoo wa watu kafungwa mguu. Unangoja mchungaji apande madhabahuni ndipo useme? Piga simu leo. Anza na mumeo, maana mtoto ni wenu wawili, kisha mama mkwe. Mwambie, "Mama, Tobias amekaa kweli, ila safari haijaisha, niliisema kwa pupa." Basi. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo.

Na ibada usiiahirishe! Hivi kukaa hakutoshi kumshukuru Mungu? Mkulima akiona mche wa tumbaku umeshika ardhini hufurahi, na bado anajua palizi inamngoja. Kanisa la wakulima litakuelewa upesi kuliko unavyodhani. Nenda, imba, kula jogoo.

Kuhusu shimo, usimcheke mama Katarina, na usimruhusu mtu amcheke. Aliona mjukuu wake anahitaji kushikiliwa kiuno, na hapo hakukosea. Kosa ni mtoto kuachwa humo peke yake, shingo imeanguka, pumzi inabanwa, na mchanga una baridi. Hilo likome, na umwambie mwenyewe, kwa adabu lakini bila kumumunya maneno. Shimo likome, nyimbo ziendelee.

Sasa huyo Gerson. Nyuki wanamshangaa, nami namshangaa. Fundi wa kuchonga mizinga, na mwanawe anakaa kwenye kiti cha maboksi? Mwambie aje Jumanne moja kabla ya shukrani, afundishwe kumbeba mwanawe, yeye na kaka Nassibu wampime mtoto urefu wa mgongo na upana wa nyonga, kisha akachonge kiti cha gogo chenye mgongo na meza mbele. Asikisie kwa jicho. Kiti kibaya kinapinda mtoto.

Kurudi nyumbani si dhambi, ila usiondoke kama mtoro. Kwanza muulize mtaalamu ni mazoezi gani mtafanya kila siku, nani wa familia ayajue, na lini umrudishe Tobias kliniki. Uliza kama kuna huduma karibu zaidi na Sikonge. Yule mhudumu wa afya aliyekuonesha njia, mfuate tena, hiyo ni kazi yake na atafurahi. Akisema Nassibu bado mapema, mnabaki Ipuli, na tumbaku itafute mikono mingine.

Na mkirudi msimu wa tumbaku, Tobias hafungwi mgongoni wakati wa kuchuma majani mabichi, maana utomvu wake una sumu, halazwi karibu na moshi wa bani la kukaushia tumbaku, na anayemlisha ananawa kwa sabuni kwanza. Alishwe akiwa ameketi, kidogo kidogo. Akipaliwa mara kwa mara au akipata degedege, hospitali, siku hiyohiyo.

Mwisho, nisikie vizuri. Siku ya shukrani usimnyanyue Tobias juu watu wamwone. Tandika mkeka mbele ya kanisa, mkalishe, mama Katarina akae upande wake mmoja na wewe mwingine. Ondoa mkono wako. Acha watu wapige vigelegele. Atashtuka, atayumba, na ninavyomjua bibi kwa barua yako, mkono wake utafika kabla ya wako. Hapo hapo, mbele ya wote, mwambie, "Mama, dawa iliyobaki ni mkono wako huo."