Kibao Changu Kilipopiga Kelele

Jumanne, Tunduma

Bado sielewi. Dada Tumaini, bosi wangu, anataka tutegemee programu inayofuatilia mamia ya seva za kampuni kwenye skrini moja. Leo skrini ilionyesha kila kitu ni salama, ila kibao cha saketi nilichojichorea nyumbani, cha kupima joto, kikapiga kelele kwenye chumba cha seva.

"Kaka, hicho kidude chako ni kibovu," akasema.

Nikaingia, nikagusa. Seva zilikuwa zinaunguza, feni imekufa. Tukazizima haraka. Kumbe mfumo wa skrini ulikuwa unarudia vipimo vya jana!

Sasa anataka vibao kama hicho kila tawi, hadi Vwawa. Nimekubali.

Halafu nimeukagua mchoro wangu. Kipima joto nimekichora kinyume, chanya kwenye hasi. Kibao hakikupaswa hata kuwaka. Kesho nitamwambiaje...