Wa Kusimama Kichwani

Kasoli, Bariadi

Baba Mwandu,

Mwangaluka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unakata kabla sijamaliza. Pamba tumeshavuna. Ndama wa yule ng'ombe mwekundu anaendelea vizuri, na Mwandu ameng'oka jino.

Ulinikataza kunyanyua vyuma na Luhende kwa kuwa ni mwanamume na watu wanasema. Nikatii. Nimekuwa nikifanya mazoezi peke yangu uani, kwenye benchi ulilonichongea. Napasha mwili moto kwanza, uzito naongeza kidogo kidogo. Lakini anayelala chini ya chuma lazima awe na mtu wa kukidaka mikono ikiishiwa nguvu, na mimi sikuwa naye.

Jumanne mikono iliishiwa nguvu. Chuma kilinilalia kifuani, karibu na koo, sauti ikagoma kutoka. Nilipigapiga benchi kwa visigino mpaka mama yako akasikia kutoka jikoni. Alikamata ncha moja, na magoti yake yale mabovu, akainyanyua mpaka nikachomoka.

Sijavunjika. Mbavu zinauma nikicheka tu, na siku hizi sicheki sana.

Mama alijifunga khanga, akaenda mwenyewe kumwita Luhende. Sasa nikilala kwenye benchi Luhende anasimama kichwani kwangu, na mama anakaa pembeni akichambua mboga. Mashindano ya mkoa ni mwezi ujao, na nitakwenda.

Ukitaka Luhende aondoke, rudi usimame wewe.

Mkeo,
Violeth