Flaiwili Aliyoikereza Baba

Bridgetown, Athlone,
Cape Town.
Jumatatu, 11 Novemba 2019

Mpendwa Baba Mdogo Nazeem,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta wewe, Mama Mdogo Shireen na Yaseen mkiwa salama huko Perth. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari amekukataza kuinua vitu vizito, na Mama akasema daktari huyo bado hajakujua. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Upepo wa kusini-mashariki umeanza. Umeng'oa bati la banda la njiwa la Clive, jirani yetu, na njiwa wake sasa wamehamia kwenye paa letu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na Baba ameniomba niliandike. Usishtuke, limekwisha vizuri. Linahusu lile gari, ile Golf nyekundu mliyoinunua nyinyi wawili, ukamwachia Baba ulipohama.

Unajua kwamba niliifufua miaka minne iliyopita, nikaifungia injini yenye nguvu zaidi, na tangu hapo nashindana nayo uwanja wa magari wa Killarney kwenye mbio za robo maili. Ambacho huenda hukijui ni kwamba Baba hakuwahi kuja kunitazama hata mara moja. Siku ya mbio aliamka na kazi za ghafla: kusafisha mifereji ya paa, kupanga misumari. Niliamini anaona haya kuwa na binti wa miaka thelathini na moja anayenuka petroli. Niliumia, ila sikusema. Kitu pekee alichonisisitizia ni nisiizungushe injini kupita mizunguko elfu sita kwa dakika, nami nikadhani ni woga wa uzee.

Septemba klachi ikaanza kuteleza. Nikikanyaga mafuta injini inanguruma, gari linabaki kuwaza, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Clive alikuwepo siku hiyo, akanicheka mbele za watu: "Diela, injini yako imeshafika, wewe unakuja na basi gani?" Klachi haikuwa na kosa, ilitengenezwa kwa injini ndogo. Nikaamua kufunga klachi nzito, na pamoja nayo flaiwili mpya, ile sahani nene ya chuma iliyo mwisho wa injini ambayo klachi huibana. Zote mbili zilikuwa bado zile za zamani, zilizohamishwa kutoka injini ya kwanza.

Nilipomwambia Baba nataka kushusha giaboksi ili niifikie flaiwili, alikataa, wala si kwa kunung'unika kama kawaida yake. Aliweka kikombe chini akasema, "Giaboksi haiguswi." Nikamuuliza kwa nini. Akaenda zake msikitini, nusu saa kabla ya adhana.

Nilisubiri wiki mbili. Jumapili moja asubuhi, Mama akiwa jikoni anachovya koesister, maandazi yake ya Jumapili, kwenye shira, nilichukua jeki nikaanza mwenyewe. Nikiwa chini ya gari nikaona viatu vya Baba vinakuja. Nikafikiri atanifokea. Kisha akachuchumaa, na magoti yake yale, akasema, "Toka kwanza, Diela. Kuna kitu nataka nikuambie ukiwa huku juu."

Ni hiki, Baba Mdogo. Mwaka 1996 ulipotaka gari liwe jepesi kuchomoka, Baba aliipeleka flaiwili kazini kwake, kiwandani Epping, akaikereza kwenye mashine ili kuipunguza uzito. Anasema ulijisifu nayo mtaa mzima. Asichokuambia ni kwamba kisu cha mashine kiliingia ndani mno. Ile ilikuwa ya chuma cha kumimina, ambacho kikikondeshwa kupita kiasi hakipindi, kinapasuka. Alilijua hilo alipoifungua tu kwenye mashine. Lakini wewe ulikuwa unamsubiri nje ya geti, na kiwanda kizima kilimwita mkereza bora. Akaifunga hivyo hivyo. Akajiambia ataibadilisha mwezi ujao.

"Nazeem alikuwa anawapakia Shireen na mtoto, anakwenda nao Hermanus," aliniambia. "Yaseen amekaa mbele kwenye mapaja ya mama yake, miguu hapa." Akaonyesha kwa mkono mahali ambapo vipande vingepita endapo ingepasuka.

Mlipohama, gari likalala chini ya turubai, naye akapumua. Kisha nikaja mimi na spana zangu.

Nilikasirika, sikufichi. Nikamuuliza, "Na mimi je, Baba? Miaka minne?" Hakujitetea. Alinyoosha kidole ndani ya boneti, kwenye bamba nene la chuma alilolifunga juu ya giaboksi mwaka ule nilioanza mbio. Wakati huo aliniambia ni la kukinga nyaya zisipate joto. Nimelilalamikia bamba hilo kwa uzito wake sijui mara ngapi.

"Kusema nilishindwa," alisema. "Nikatengeneza hilo."

Nikampa spana, tukashusha giaboksi pamoja.

Flaiwili ilipotoka aliiosha, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta mpaka ikakauka, halafu akaipaka unga wa chaki. Tukakaa tunaitazama. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha kwenye nyufa yakaanza kuchora mistari kwenye ile chaki, myembamba kama unywele, kutoka tundu moja la bolti hadi jingine. Ilikuwa mitatu, na mmoja ulikaribia kufika ukingoni. Baba aliipitishia kidole, akasema alhamdulillahi, akarudia na kurudia mpaka Mama akatoka na mikono yenye shira kuuliza nani amekufa.

"Hakuna," Baba alimwambia. "Hakuna aliyekufa, Farieda." Akakaa palepale kwenye sakafu yenye oili, na suruali yake ya Jumapili, akalia.

Flaiwili mpya ni ya chuma kilichofuliwa na kupimwa kiwandani, nayo ni nyepesi kuliko ya asili bila mtu yeyote kuikereza. Clive alituagizia pamoja na klachi. Baba alikaza bolti zote mwenyewe kwa spana ya kipimo, akazihakiki, kisha akanipa nami nizihakiki. Pedeli ya klachi sasa ni ngumu, mguu wangu wa kushoto umeota msuli. Klachi mpya haitaki fujo siku za mwanzo, kwa hiyo wiki tatu tumezunguka mjini taratibu, yeye kando yangu. Siku ya kwanza gari lilinizimikia mara nne kwenye taa za Barabara ya Klipfontein, honi zikilia nyuma yetu, na Baba akicheka mpaka anajifuta macho. Kabla ya hapo hakuwahi kupanda gari hilo nikiliendesha mimi.

Juzi Jumamosi alikuja Killarney. Alisimama kwenye uzio na chupa ya chai aliyofungiwa na Mama. Nikapandisha injini hadi elfu saba, nikaachia pedeli, na gari likaondoka lote kwa pamoja, injini na magurudumu na mimi. Mwanamume mmoja wa Mitchells Plain alinishinda kwa urefu wa boneti. Baba alipofika nilipoegesha, sauti ilikuwa imemkauka. Sijui alikuwa anapiga kelele gani huko kwenye uzio. Alisema tu, "Nimeisikiliza injini mpaka mwisho, mwanangu."

Sasa umebaki wewe. Anataka kukuomba msamaha, lakini kila akishika simu anaishia kukuuliza hali ya hewa ya Perth. Ukiipata barua hii, tafadhali mpigie wewe. Ukiwa na hasira mwambie una hasira, ataipokea kama alivyopokea yangu. Lakini mpigie.

Nisalimie Mama Mdogo Shireen na umwambie Mama bado anasubiri ile picha ya jiko jipya. Yaseen mwambie dada yake anamkumbuka. Mama na Clive wanawasalimu sana. Mwenyezi Mungu awalinde huko mliko na atukutanishe tungali na afya.

Nimemwachia Baba nafasi hapo chini.

Ni mimi binti yako, nikupendaye siku zote,
Faldiela

Nazeem, yote aliyoyaandika ni kweli. Ulikuwa umesimama getini unatabasamu, nikashindwa. Nisamehe, na Yaseen umwambie anisamehe.
Kaka yako, Igshaan