Nguruwe wa Uani

La, Duane, kukaa uani kwetu miaka kumi na moja hakulifanyi tangi la gesi kuwa letu. Tumelikodi kwa kampuni ya gesi, nawe umelipaka rangi likawa nguruwe! Leo asubuhi dereva wa kampuni amecheka hadi akakohoa, kisha akakataa kulijaza: "Lirudishieni rangi yake nyeupe kwanza, mama." Binti yako Greta akaikumbatia pua ya nguruwe, akalia.

Washeni jiko kwa supu tu, gesi inakwisha. ~~Duane, kanunue rangi nyeupe.~~ Acha. Nimeipigia kampuni simu, wamekubali kutuuzia tangi, na nimekwenda kutia saini. Kuanzia leo tutajaziwa na kampuni yoyote tunayotaka.

Wewe mmalizie nguruwe sikio la kushoto. Sasa ni wetu.

Mama Greta