Servo Inalia, Mama Ameshika Mkia

Ijumaa, Mogogosiek. Mvua ya mawe imepiga tangu alasiri, na chai yote hapo chini ya nyumba imetoboka majani. Baridi imeingia mpaka kwa mifupa. Niko na hasira, na leo sitajifanya sina.

Kama wewe ni mgeni kwa hii blogu, hali ni hii. Nilirudi nyumbani kumwangalia Mama alipoteleza shambani akichuna majani, akavunjika nyonga. Ilikuwa iwe wiki chache tu. Ndugu zangu wakasema, si Cherono hana bwana wala watoto, basi akae. Nikakaa. Huu ni mwaka wa pili.

Kwetu Wakipsigis, boma ni la kijana wa mwisho. Yeye ndiye hurithi nyumba, na yeye ndiye huangalia wazazi wakizeeka. Kwetu huyo ni Kibet. Kibet anauza simu Kericho mjini, hata si mbali. Nyumba ni yake, kazi ni yangu. Naamka nakama ng'ombe, napeleka maziwa, nachuna chai, nampeleka Mama choo, napika, nalala. Halafu naanza upya.

Kitu kimoja tu hapa ni changu: ndege.

Si ya kupanda watu. Ni ile ndogo ya kurushwa na rimoti, mabawa yake yanatosha meza ya sebuleni. Nimeiunda na zile boksi nyeupe nyepesi zinazokuja na TV mpya. Kesho asubuhi natakiwa niirushe Londiani mbele ya watu wa kampuni fulani inayopiga picha za misitu kutoka juu. Wanataka uje na ndege uliyoiunda mwenyewe, ipae, igeuke, itue ikiwa nzima. Ukiweza, umepata kazi. Kibet alikuwa ameahidi kuja leo jioni akae na Mama.

Alasiri, kabla ya mvua, nikafanya ujinga wa mtu ambaye hajalala vizuri.

Ndani ya ndege kuna servo, mota ndogo kama kiberiti, yenye mkono wa plastiki. Kutoka kwa huo mkono unapitisha waya mpaka kile kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua ya ndege. Waya zangu ni spoki za baiskeli, nazikunja ncha na koleo. Sasa, hata anayeanza anajua: unawasha kwanza, servo itafute katikati yake yenyewe, ndipo ufunge mkono. Lakini stima ilipotea jana na sikutaka kumaliza betri, kwa hivyo nikafunga mkono kwa kukadiria na macho. Nilipowasha, servo iliruka, ikasukuma mkia mpaka mwisho, na bado ikataka kuendelea. Ikaanza kulia. Inasukuma, haina pa kwenda, inapata joto. Ukiiacha hivyo inaungua.

Nilikaa nikaisikiliza muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Zima hiyo kitu, Cherono," Mama akasema. "Inalia kama mbu kwa sikio."

Nikafungua skrubu zote. Mama alikuwa kwa kiti chake karibu na moto, nikamwekea ndege mapajani. Akabana mkia na pegi mbili za nguo ili ukae sawa, halafu akaushika na vile vidole vyake vya kuchuna chai, ambavyo havijawahi kuponda kitu. Nikawasha, servo ikatulia katikati. Nikafunga mkono wake ukiwa umesimama wima, nikapima na kukunja spoki nyingine, nikaiunga. Mama akatoa pegi. Nikasukuma rimoti: mkia ukapanda, ukashuka, kimya kabisa. Mama akacheka kama msichana. Akasema nirudie. Nikarudia mara kadhaa. Aki, nilimpenda sana hapo.

Ndipo nikampigia Kibet nijue amefika wapi. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati hata husikii mtu, kwa hivyo nikaweka simu kwa spika.

"Kwani Mama hakukuambia?" Kibet akashangaa. "Alinipigia jana, akasema nisije. Ati mambo ya Londiani yameahirishwa."

Mama alikuwa bado ameshika ndege yangu.

Nikakata simu. Nilitaka kupiga kelele, na nikapiga. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mamake, na siyaandiki hapa. Alingoja nimalize. Halafu akasema polepole, "Ukipata hiyo kazi hutarudi. Wewe nakujua."

Kilichoniuma ni kwamba ni kweli. Nimekuwa nikijidanganya ati nitakuwa nakuja kila wikendi. Wapi! Nikitoka hapa na mshahara wangu, nitaonekana Krismasi na matanga.

Nikampigia Kibet tena. Nikamwambia kesho alfajiri natoka, uwe umekuja au hujakuja. Boma ni lako, na Mama ni wako pia. Nikimwacha peke yake, wewe ndiye utajieleza kwa majirani.

"Sawa, Siz," akasema. "Natoka saa hii."

Ungedhani nitaruka kwa furaha. Sikuruka. Ukweli wa Mungu, sehemu fulani yangu ilikuwa inaomba akatae, nibaki hapa niendelee kuwalaumu. Muda huu wote nimesema wamenifungia. Sasa nimefunguliwa na naogopa kutoka.

Sijamwomba Mama msamaha, naye hajaniomba. Nilimpa chakula, tukala. Nilipokuwa nafunga ndege kwa shuka ndipo akauliza, "Utarudi?"

"Ndio, Mama. Kesho jioni nitakuwa hapa."

Akatikisa kichwa. "Sikuuliza kesho."

Giza linaingia, na kuna taa za gari zinapanda kutoka barabarani, pengine ni Kibet. Mama ameketi hapo mbele yangu, ananitazama nikiandika. Anangoja jibu.